Wajina wawili ndani ya wasifu mmoja: uchambuzi wa kisa

Usuli

Kisa hiki kilitokea kwenye kamusi ya wasifu ya mtandaoni inayoandikwa na watu wa kujitolea. Majina ya wahusika, nchi yao, tarehe na vitabu vyao nimeviondoa. Wahusika ni watatu na wote watatu wana jina moja, herufi kwa herufi: jina la kwanza na la ukoo, bila la kati. Nitawaita Mtunzi, Mhakiki na Mchezaji. Mtunzi ni mwandishi wa riwaya na yu hai. Mhakiki alikuwa profesa wa fasihi, mwenye vitabu kadhaa vya uhakiki. Walizaliwa nchi moja, wakapishana miaka michache tu, na kuna kipindi wote wawili walifundisha chuo kikuu. Mchezaji ni mwanasoka kijana ambaye kisa kinapoanza hakuwa anajulikana na yeyote nje ya klabu yake.

Nimeruhusiwa kusoma historia yote ya ukurasa husika pamoja na mabishano ya wahariri, na hayo ndiyo ninayoyategemea.

Watu mashuhuri kugongana majina ni jambo la kila siku, na mara nyingi halimsumbui mtu. Francis Bacon mwanafalsafa alifariki mwaka 1626. Francis Bacon mchoraji alizaliwa mwaka 1909. Michael Jordan wa mpira wa kikapu na Michael Jordan mtaalamu wa ujifunzaji wa mashine wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wanatengana kwenye sentensi ya kwanza tu. Taabu huanza pale wajina wanapokuwa na kazi moja. Kuna John Adams wawili, wote Wamarekani, wote watunzi wa muziki, mmoja aliyezaliwa 1947 na mwingine 1953, na wote wamepata tuzo ya Pulitzer ya muziki, mmoja mwaka 2003, mwingine 2014. Ukiandika “John Adams, mtunzi wa Marekani mwenye Pulitzer”, umesema kweli na bado hujasema ni nani. Kinachowaokoa wasomaji ni kwamba yule mdogo hujiandika John Luther Adams. Wajina wa kisa chetu hawakuwa na “Luther” wao.

Ukurasa ulivyojengwa

Toleo la kwanza lilikuwa la Mtunzi peke yake: mwaka wa kuzaliwa, riwaya mbili, jina la mchapishaji. Lilikuwa fupi na halikuwa na kosa. Baadaye akaja mchangiaji mwingine aliyekuwa na kitabu cha Mhakiki mkononi. Akatafuta jina, akakuta ukurasa upo, akafanya kile ambacho kila mchangiaji mwema hufundishwa kufanya: badala ya kuanzisha ukurasa mpya, akaongeza alichonacho kwenye uliopo. Kitabu cha uhakiki kikaingia chini ya riwaya. Wala hakuwa na sababu ya kushtuka, maana waandishi wengi wa riwaya huandika uhakiki pia.

Baada ya nyongeza chache za namna hiyo, ukurasa ulikuwa na sentensi mbili ambazo inafaa kuzitazama kwa karibu. Ya kwanza ilisema kwamba alistaafu kufundisha mwaka fulani, na tanbihi yake ilielekeza kwenye jarida la chuo. Ya pili ilisema kwamba mwaka uliofuata riwaya yake ilipata tuzo, na tanbihi yake ilielekeza kwenye gazeti. Ya kwanza ilimhusu Mhakiki, ya pili Mtunzi. Zote zilikuwa kweli. Zilikaa jirani, kila moja na chanzo chake, na mtu makini angeweza bado kuzitenganisha.

Kisha akaja mhariri wa lugha. Hakuleta taarifa yoyote mpya. Kazi yake ilikuwa kulainisha. Akaandika: “Baada ya kustaafu ualimu alipata wasaa wa kurejea kwenye uandishi, na mwaka uliofuata akatunukiwa tuzo kwa riwaya yake.” Tanbihi zote mbili zikasogezwa mwishoni, zikafuatana. Sasa palikuwa na jambo la tatu ambalo halimo kwenye chanzo chochote, nalo ni kwamba kustaafu ndiko kulikompa nafasi ya kuandika. Mtu ambaye hajapata kuwepo duniani akawa na maisha yenye mantiki, tena ya kuvutia. Sentensi hiyo ndiyo iliyonakiliwa zaidi na tovuti nyingine, kwa sababu ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote ukurasani.

Baada ya hapo mambo yakajiendea yenyewe. Picha ya Mtunzi iliyopigwa kwenye uzinduzi wa kitabu ikawekwa juu. Programu inayolinganisha kumbukumbu za hifadhidata mbalimbali ikakuta kumbukumbu mbili zenye jina moja, nchi moja na kazi moja, “mwandishi”. Ikapendekeza ziunganishwe, na mtu akabofya kukubali. Katalogi ya maktaba moja nayo ilikuwa na vitabu vya wote wawili chini ya kichwa kimoja. Mhariri mmoja aliyetilia shaka ukurasa alikwenda kuangalia katalogi, akakuta inakubaliana nao, akaridhika. Kila upande ukawa shahidi wa mwenzake.

Onyo lilikuwepo. Kwenye ukurasa wa majadiliano, msomaji mmoja aliuliza inakuwaje mtu huyu afundishe katika miji miwili iliyo mbalimbali mwaka ule ule. Akajibiwa kwamba huenda mji mmoja alikuwa mhadhiri mgeni. Lilikuwa jibu la mtu mwenye akili, na ndilo lililochelewesha kila kitu.

Siku ya tanzia

Mhakiki akafariki. Chuo chake kikatoa tanzia fupi: jina, cheo, tarehe. Mhariri aliyekuwa mtandaoni saa hiyo akaingiza tarehe ya kifo, akabadilisha “ni” kuwa “alikuwa” ukurasa mzima, na kwa kipimo cha kazi yake alikuwa hajakosea kitu: chanzo kilikuwa cha kuaminika na jina lilikuwa lenyewe. Matokeo yake, ukurasa wenye picha ya Mtunzi, riwaya za Mtunzi na tuzo ya Mtunzi ukatangaza kwamba amekufa.

Vyombo viwili vitatu vya habari visivyo na kumbukumbu zao vikachukua picha na maelezo, vikachapisha. Rambirambi zikaanza kumiminika nyumbani kwa mtu aliye hai. Mchapishaji wake akaandika barua kali kwa kamusi, akitaka tarehe ile iondolewe mara moja.

Siku iliyofuata ikaja barua ya pili, kutoka kwa familia ya Mhakiki. Wao hawakulalamikia kifo. Kifo walikuwa nacho ndani. Walilalamika kwamba baba yao amebebeshwa riwaya ambazo hakuziandika, na juu ya jina lake kumewekwa uso wa mtu wasiyemjua. Naona barua hii ndiyo iliyokiokoa kisa. Ile ya mchapishaji, ingekuja peke yake, ingeishia kufutiwa tarehe tu, na ule mchanganyiko wa miaka mingi ungebaki pale pale ukisubiri kufumuka siku nyingine.

Maamuzi na sababu zake

Kabla ya uamuzi wowote kulikuwa na vuta nikuvute. Mhariri mmoja alifuta tarehe ya kifo, mwingine akairudisha akionyesha tanzia, wa kwanza akafuta tena akionyesha barua. Kila mmoja alikuwa na haki kwa mtu aliyekuwa akimfikiria. Msimamizi akaufunga ukurasa usihaririwe, akaacha juu yake taarifa ya mistari miwili. Walikuwapo waliopinga, wakisema ukurasa mtupu unaonekana kama kuficha jambo. Hoja ina uzito, lakini jibu la msimamizi lilikuwa zito zaidi: hakuna hata sentensi moja pale iliyoweza kuachwa kwa uhakika, kwa hiyo hakuna cha kubakiza.

Halafu wakaamua kutorekebisha ukurasa, bali kuuvunja. Waliandaa jedwali ambamo kila dai lilipewa mstari wake: kuzaliwa, shule, ajira, kila kitabu, kila tuzo, kila picha. Safu zilikuwa tatu, ya Mtunzi, ya Mhakiki, na ya madai yasiyo na mwenyewe. Kanuni waliipatana kabla ya kuanza, na nadhani hiyo ndiyo sababu haikuvunjwa: jina halihesabiwi kuwa ushahidi. Chanzo kinachotaja jina tu hakithibitishi lolote kuhusu yeyote kati yao. Lazima kije na alama ya pili, kama mahali pa kazi, mwaka wa kuzaliwa, kitabu ambacho tayari kina mwenyewe, au mtu aliyeandika naye. Dai lisilo na alama ya pili linakwenda safu ya tatu na halichapishwi.

Mfano mzuri ni mkusanyo wa hadithi fupi uliokuwamo kwenye orodha. Wahariri wote waliuona kuwa wa Mtunzi, kwa kuwa ndiye anayejulikana kwa kubuni. Mmoja akatafuta nakala. Jalada la nyuma lilisema mwandishi ni mhadhiri msaidizi wa fasihi, bila kutaja chuo, jambo ambalo halikusaidia, maana hata Mtunzi aliwahi kufundisha. Lakini ukurasa wa tabaruku ulimtaja mwalimu mmoja kwa jina kamili, na mwalimu huyo huyo anashukuriwa kwenye dibaji ya kitabu cha kwanza cha uhakiki kwa kumlea mwandishi tangu ujana. Mkusanyo ukahamia kwa Mhakiki. Familia ilipoulizwa baadaye ilithibitisha, na ikaongeza kwamba mwenyewe hakupenda utajwe.

Kutambua mtu kwa walimu wake badala ya jina lake ni mbinu kongwe. Wanazuoni wa hadithi za Mtume Muhammad walilazimika kuibuni mapema, kwa sababu mpokezi dhaifu, yaani msimulizi asiyeaminika, akichanganywa na wajina wake mwaminifu, hukumu ya hadithi nzima inapinduka. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1071, aliandika kitabu kizima juu ya wapokezi waliogongana majina yao na ya baba zao ilhali ni watu tofauti. Walitenganishwa kwa kuangalia nani alisoma kwa nani, nani alipokea kutoka kwake, aliishi mji gani, alifariki lini. Wagiriki nao walikuwa na desturi yao: Diogenes Laertius, katika maisha ya wanafalsafa, hukamilisha wasifu kwa kuwataja wengine waliobeba jina lile, na chini ya Thales anawataja wengine watano. Na kuna visa ambavyo karibu kila alama inagoma. Ibn Rushd mwanafalsafa aliitwa Abu al-Walid Muhammad bin Ahmad, alikuwa faqihi, yaani mtaalamu wa sheria ya Kiislamu, na kadhi wa Córdoba. Babu yake pia aliitwa Abu al-Walid Muhammad bin Ahmad, alikuwa faqihi na kadhi wa Córdoba, na alifariki mwaka 1126, mwaka ule ule mjukuu alipozaliwa. Jina, kazi na mji havikufaa kitu. Wakaitwa Ibn Rushd babu na Ibn Rushd mjukuu, basi.

Uamuzi uliozua ubishi mkubwa ulihusu anwani ya zamani, ile yenye jina tupu. Waliomtetea Mtunzi walisema ana wasomaji wengi, apewe. Wengine walitaka iwe ukurasa wa maana, yaani ule unaoorodhesha wenye jina hilo na kumwachia msomaji achague. Ukurasa wa maana ukashinda, na hoja iliyoshinda haikuwa umaarufu. Tovuti za nje zilikuwa zimeunganisha kwenye anwani hiyo kwa miaka, baadhi zikimkusudia Mtunzi na baadhi Mhakiki. Yeyote atakayepewa anwani, nusu ya viungo hivyo vinakuwa uongo. Ukurasa wa maana ndio mahali pekee ambapo msomaji wa upande wowote anaweza kutua bila kudanganywa.

Vitambulisho kwenye mabano, yaani maneno yanayofuata jina kwenye kichwa cha kila ukurasa ili kuwatenganisha wajina, vilichaguliwa haraka mno kwa maoni yangu. “Mwandishi” kilikataliwa kwa kuwa wote walikuwa waandishi. Wakapitisha “mtunzi wa riwaya” na “mhakiki”. Mhariri mmoja alipendekeza mwaka wa kuzaliwa, akajibiwa kwamba msomaji anayemtafuta mtu hajui alizaliwa lini. Ni kweli hajui. Lakini msomaji haingii kupitia kichwa cha ukurasa. Anaingia kupitia ukurasa wa maana, ambako kazi, vitabu na miaka vyote vimeandikwa. Kichwa kina kazi moja tu, ya kutogongana.

Viungo vya ndani ya kamusi vilirekebishwa kwa mkono, kimoja kimoja. Palitolewa wazo la kuvielekeza vyote kwa Mtunzi kwa programu, halafu vile vya Mhakiki vitolewe kadiri vitakavyoonekana. Lilikataliwa kwa sababu iliyo wazi: kiungo kisichoelekea popote kinaonekana, kiungo kilichoelekea kwa mtu asiye sahihi hakionekani.

Mwisho, mhariri mmoja aliuliza kama Mtunzi angekubali kutumia jina la kati au herufi ya kati. Wazo hili halikuwa la kipuuzi. Mwaka 1899 Winston Churchill wa Uingereza, wakati huo kijana wa miaka ishirini na minne, aligundua kwamba kuna Winston Churchill wa Marekani ambaye ni mwandishi wa riwaya na anajulikana kuliko yeye. Akamwandikia, wakakubaliana kwamba Mwingereza atajiandika Winston Spencer Churchill kwenye vitabu vyake. Mmarekani alijibu kwamba angekuwa na jina la kati naye angelitumia. Waigizaji wa Marekani jambo hilo linawabana kwa kanuni, kwa kuwa chama chao hakiruhusu wanachama wawili jina moja la kazi. Ndiyo maana Michael Keaton, aliyezaliwa Michael Douglas, alitafuta jina jingine. Lakini katika mifano yote miwili wenye majina ndio waliobadilisha. Mtunzi alijibu kupitia mchapishaji kwamba jina lililo kwenye majalada yake litabaki lilivyo. Wahariri hawakumrudia tena, na hawakumbandika herufi isiyo yake.

Matokeo

Kurasa mbili zilichapishwa. Ule wa Mhakiki ulikuwa mfupi kuliko familia ilivyotarajia. Madai kadhaa hayakupata mwenyewe hadi leo, likiwamo hotuba iliyochapishwa kwenye kumbukumbu za mkutano ikiwa na jina tupu na mada ambayo yeyote kati yao angeweza kuizungumzia.

Maktaba ilipelekewa jedwali lenyewe pamoja na ushahidi wa kila mstari, ikatenganisha vichwa viwili. Hifadhidata iliyounganisha kumbukumbu nayo ikazitenganisha, na kila mmoja akawa na namba yake. Namba za aina hii, kama ISNI yenye tarakimu 16, zilibuniwa kwa ajili ya tatizo hili hasa, mtu atambulike hata jina lake likiwa la wengi. Zinafanya kazi vizuri sana pale zilipotolewa sawasawa tangu mwanzo. Hapa haikuwa hivyo. Namba iliyokuwa ya wote wawili ilibaki kwa Mtunzi, na mifumo iliyokuwa imeinakili namba hiyo kwa ajili ya vitabu vya Mhakiki inaendelea kumpa Mtunzi vitabu hivyo, sasa kwa ujasiri wa tarakimu.

Ile sentensi ya kustaafu bado inaishi. Imefutwa kwenye kamusi, iko kwingineko, na kila inaponakiliwa upya inapoteza ishara moja zaidi ya ilikotoka.

Mambo mawili yalitokea ambayo hakuna aliyeyapangia. La kwanza, familia ilikuta mswada wa riwaya kwenye karatasi za Mhakiki, ikauchapisha. Kitabu kikasomwa. “Mtunzi wa riwaya” hakikuwa tena kitambulisho cha mtu mmoja, na wahariri wakarudi kwenye mwaka wa kuzaliwa waliokuwa wameukataa. Viungo vyote vilivyorekebishwa kwa mkono vikarekebishwa tena. La pili, Mchezaji akasajiliwa na klabu kubwa, na ndani ya msimu mmoja karibu kila aliyeandika jina lile kwenye kisanduku cha kutafutia alikuwa anamtaka yeye. Mashabiki wakadai apewe anwani ya jina tupu. Ukurasa wa maana ulilibeba hilo bila kutikisika: akaongezwa mstari, akawekwa juu ya orodha, na hakuna kilichovunjika. Kama anwani ingekuwa ya Mtunzi, pangekuwa na vita nyingine.

Uchambuzi

Jedwali ndilo lililofaulu kuliko yote, na ndani ya jedwali, safu ya tatu. Bila safu hiyo wahariri wangelazimika kugawa kila dai kwa mmoja au mwingine, na penye shaka mkono ungemwelekea aliye maarufu. Ndivyo mkusanyo wa hadithi ulivyokaribia kupotea. Kuruhusu dai likae bila mwenyewe kuliwapa uhuru wa kutafuta ushahidi badala ya kutafuta uamuzi.

Wapo wahariri waliomalizia lawama zote kwa programu iliyounganisha kumbukumbu. Siungani nao. Programu ilipewa jina, nchi na kazi, ikaona vinafanana, na vilikuwa vinafanana kweli. Wengine walipendekeza iongezewe vigezo. Hilo linasaidia kidogo tu. Kuna Vanessa Williams wawili, wote Wamarekani, wote waigizaji, wote waliozaliwa mwaka 1963. Vigezo vinne vinakubaliana na bado ni watu wawili. Kujumlisha mfanano juu ya mfanano hakufikishi kwenye uhakika kwamba mtu ni mmoja, ilhali mgongano mmoja wa kweli unatosha kuonyesha kwamba ni wawili. Kwa hiyo kipimo chenye faida ni kile kinachotafuta mgongano: panga madai yote kwa miaka, kisha tafuta mahali ambapo mwili mmoja ungehitajika kuwa sehemu mbili. Yule msomaji wa ukurasa wa majadiliano alikuwa amefanya hivyo bila kuagizwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuchukulia swali lake kuwa ushahidi, si kuwa usumbufu wa kutafutiwa maelezo. Dhana ya mhadhiri mgeni ingekaguliwa kwa barua pepe moja kwa chuo.

Marekebisho kwa umma yalikuwa hafifu. Taarifa iliyowekwa juu ya ukurasa ilisema kulikuwa na “mkanganyiko wa majina” na kwamba umeshughulikiwa. Maneno hayo hayamsaidii mhariri wa gazeti aliyechapisha picha isiyo ya marehemu. Yalipaswa kusema waziwazi: aliyefariki ni profesa wa fasihi, mwandishi wa riwaya yu hai, na picha iliyokuwa hapa ni ya mwandishi wa riwaya. Tena taarifa iliondolewa mapema, pale kurasa mpya zilipokamilika, wakati walionakili kosa walikuwa hawajarudi kuangalia. Wala hakuna aliyeorodhesha ni akina nani waliolinakili, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwandikia.

Lakini kiini cha kisa, kama ninavyokiona, ni kwamba makosa mawili yanayowezekana hapa hayana uzito sawa, na taratibu za kamusi ziliyachukulia kama yana uzito sawa. Kurasa mbili juu ya mtu mmoja ni usumbufu: kila mmoja unasema kweli, msomaji anakosa nusu ya habari, na siku ikigundulika zinaunganishwa kwa kazi ya mchana mmoja. Ukurasa mmoja juu ya watu wawili ni kitu kingine kabisa. Kila sentensi inahitaji kuchunguzwa upya, vyanzo vinahitaji kutafutwa upya, na kadiri lugha ilivyolainishwa ndivyo mshono unavyofichika. Ni kama kuchanganya mchele wa magunia mawili: kuumimina ni dakika, kuuchambua ni wiki. Na bado desturi nzima ya wachangiaji ilisukuma upande mmoja tu. Mchangiaji mpya aliambiwa aangalie kama ukurasa upo kabla ya kuanzisha mwingine. Hakuna aliyemwambia aangalie kama ukurasa uliopo ni wa mtu anayemkusudia.

Kamusi imebadilisha hilo. Anayeongeza dai kwenye wasifu uliopo anaombwa ataje jambo moja, mbali na jina, linaloonyesha kwamba anamzungumzia mtu yule yule. Akikosa, anashauriwa kuanzisha ukurasa mfupi wa pembeni. Wahariri wa lugha nao wamepewa katazo moja: wasiunganishe sentensi zenye vyanzo tofauti kwa “baada ya”, “kwa hiyo” au “hatimaye” isipokuwa chanzo kimojawapo kinasema hivyo chenyewe, na tanbihi isihame kutoka kwenye dai lake. Wamelalamika kwamba kurasa zimekuwa za kukwaruza. Zimekuwa hivyo kweli, na kwa wasifu wa watu wenye majina ya kawaida nisingezilainisha.

Kasoro inayobaki ni kwamba kanuni mpya inawahusu wanaoongeza tu, haiwagusi wanaounganisha kumbukumbu kwa kubofya. Huko pendekezo la programu bado linakuja na kitufe kimoja kikubwa cha kukubali, na nafasi ya kuandika sababu inaweza kuachwa wazi.